Laki Tisa na Themanini za Dada

Kaka yangu si mwizi. Naanza na hilo kwa sababu masikio yangu yamechoka. Nimeitwa dada wa mwizi sokoni, nimeitwa dada wa mwizi kwenye foleni ya benki, na wiki iliyopita neno hilo lilitoka kinywani mwa fundi viatu, mtu ambaye kiatu changu cha kushoto kimekaa kwake tangu mwaka juzi na kila nikikiulizia ananiambia gundi imeisha. Kaka ni mjinga, hilo nakubali, na ujinga wake nitaueleza wote. Lakini mwizi? Thubutu!

Watu walimwita Risiti. Alikaa miaka thelathini na moja dirisha namba tatu, idara ya maji, akipokea malipo, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeondoka pale bila karatasi mkononi. Hata ukimwambia, "Acha bwana, nina haraka," alikuzuia kwa maneno mpaka amalize: majina yako yote matatu, kiasi kwa tarakimu, kiasi kwa maneno, kisha mstari wa kuziba nafasi iliyobaki asije mtu akaongeza sifuri. Siku ya harusi yake mwenyewe alikaa meza ya mbele na kitabu cha risiti mapajani. Shangazi alitoa mashuka mawili, akaandikiwa mashuka mawili. Wifi yangu mpaka leo anasema alishangaa wazazi wake hawakuandikiwa kwamba bibi harusi amepokelewa akiwa mzima. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma, na mimi nilicheka kuliko wote, maana mimi ndiye kitinda mimba na mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli.

Aliyetulea ni Dada. Mama na baba walifuatana ndani ya mwaka mmoja. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, Kaka kumi, mimi minne. Akapata kazi ya kupika shule ya bweni, yale masufuria ya kukoroga umesimama juu ya tofali, akarudi jioni ananuka moshi na kuanza upya kutupikia sisi. Wachumba wawili walikuja, wote wawili aliwarudisha walikotoka. "Nikiolewa, hawa nitamwachia nani?" Ndivyo alivyowajibu, na hakuwahi kutusimanga kwa hilo hata siku moja. Karo ya Kaka ilitoka kwenye mikono ile. Kaka alipoajiriwa, mshahara wa kwanza alimpelekea bahasha haijafunguliwa. Na hata alipokuwa mtu mzima mwenye mvi, Dada akikaa chini, Kaka hakai kwenye kiti. Ndivyo tulivyokuwa.

Miaka mitatu iliyopita figo za Dada ziligoma. Alivimba miguu, akavimba uso, akawa analala ameketi kwa sababu pumzi haitoshi. Hospitali ikasema damu yake isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki, maisha yake yote. Safari moja ya mashine ni laki moja na ishirini. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za wanafunzi. Kaka ana pensheni ya karani. Hesabu hiyo hata usianze kuipiga. Kilichomwokoa ni barua ya msamaha. Ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali ilituma mtu mpaka chumbani kwake, akaona kitanda, ndoo mbili na jiko la mafuta, akaandika kwamba mama huyu hana uwezo, atibiwe bure. Dada aliifunga barua ile kwenye nailoni na kuilalia chini ya mto. Mashine yenyewe aliiita mume wake wa Jumanne na Ijumaa. "Mume gani huyu," alisema, "ananinyonya damu saa nne nzima, halafu hata chai haniulizi."

Kwa hiyo ukitaka kujua tulichokuwa nacho cha kupoteza, ni karatasi ile moja.

Sasa njoo kwa chama. Kaka alipostaafu alikaa nyumbani wiki tatu akipanga vifuniko vya sufuria kwa ukubwa, wifi akawa karibu kupata wazimu. Tawi la chama mtaani kwetu likamtaka awe mweka hazina. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: meza, mabenchi mawili, kalenda za miaka mitatu iliyopita ukutani na kabati la chuma lenye mlango uliopinda. Walimpa funguo na muhuri. Jamani, ungemwona! Mtu aliyekaa miaka yote nyuma ya kioo alitembea na ule muhuri mfuko wa shati kama bwana harusi. Alikiamini chama. Aliamini kikishinda, zahanati ya mtaa itajengwa, na kila alipoisema hiyo zahanati alimtazama Dada. Akatuandikisha wote uanachama, kwa majina yaliyo kwenye vitambulisho na namba zake. Ada ya Dada aliilipa yeye, kisha akampelekea risiti.

Miezi miwili kabla ya uchaguzi, mkandarasi mmoja wa barabara alileta begi. Haya mimi sikuyaona, nimeyapata kwa Kaka mwenyewe na mengine nimeyasikia mahakamani. Mwenyekiti wa tawi, mtu wa kucheka na kila mtu, alifunga mlango kwa komeo na kuliweka begi mezani.

"Risiti, hizi ni milioni arobaini. Mheshimiwa mkandarasi ametukumbuka."

"Majina yake matatu ni yapi?" Kaka akauliza, kalamu tayari mkononi.

Mwenyekiti akacheka mpaka akapangusa macho. "Ukiliandika jina lake tumekwisha, mzee wangu. Sheria ya fedha za uchaguzi inasema mtu mmoja asichange zaidi ya milioni moja. Na orodha ya wachangiaji inaenda kwa msajili wa vyama, inabandikwa nchi nzima iisome. Zigawanye."

"Nizigawanye kwa nani?"

"Kwa majina. Majina yamejaa tele."

Hapo ndipo Kaka angesimama aondoke. Mimi ningeondoka, tena ningeondoka nikipiga kelele mpaka mwenye duka la misumari asikie. Yeye alikaa. Mwenyekiti akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: wenzetu wa upande wa pili wanafanya hivihivi, bila hela hizi tumeangushwa, na ile zahanati isahau. Kaka akasikia zahanati, akalegea.

Mtu mwingine akishakubali uovu huo angebuni majina tu na kwenda kulala. Kaka akashindwa kubuni. Alijaribu, aliniambia, kalamu ikakataa. Kwake risiti ya mtu asiyekuwepo ilikuwa uchafu, kitu cha kumfukuzisha mtu kazi. Kwa hiyo akafungua daftari la wanachama, akachukua watu wa kweli, walio hai, na namba zao za vitambulisho, hamsini na saba, na kwa siku tatu akawaandikia risiti safi kwa mwandiko wake mzuri, tarakimu na maneno na mstari wa kuziba nafasi. Jina haliliwi, alijiambia. Nani ataumia kwa kuandikwa kwamba ametoa? Na ili wasiolalamika wawe wengi, akaanza na ndugu zake.

Orodha ikapelekwa, ikabandikwa, ikaingizwa kwenye kompyuta za serikali. Sisi hatukujua lolote.

Jumanne moja asubuhi nilimpeleka Dada kwenye mashine kama kawaida. Dirishani pale, badala ya kugongewa muhuri, tukaambiwa twende ustawi wa jamii. Mle ndani alikuwa msichana mwenye miwani, mpole, wa kumwita kila mtu mama. Aliiangalia barua ya Dada, akaangalia kompyuta, akaangalia tena miguu ya Dada.

"Mama, samahani. Mfumo umefuta msamaha wako."

"Umefuta vipi?" nikadakia.

"Mwaka huu mfumo umeunganishwa na vitu vingi. Benki, viwanja, magari, na michango ya vyama vya siasa. Unaonyesha mama huyu amechangia chama laki tisa na themanini mwezi wa tatu. Mtu anayeweza kutoa hela hiyo hahesabiwi kuwa hana uwezo."

Dada akacheka. Wallahi alicheka, kwa pumzi ile ndogo aliyokuwa nayo. "Laki tisa na themanini! Mwanangu, hebu inama uangalie kandambili zangu. Hii ya kushoto ya bluu, hii ya kulia ya kijani. Nimetoa laki tisa nikakosa ya kandambili?"

Msichana hakucheka. Alitugeuzia kioo cha kompyuta tujionee. Jina lilikuwa juu kabisa ya orodha, mstari wa kwanza, majina yote matatu ya Dada yakiwa yamenyooka bila kosa hata la herufi. Chini yake nikamwona Kaka, laki tisa. Chini ya Kaka nikajiona mimi, laki nane na nusu. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani anayeweza kulipata jina la katikati la Dada bila kukosea.

Siku hiyo nililipa laki moja na ishirini, hela ya vitambaa vya sare ambayo walimu walishanikabidhi. Nikamwacha Dada na mume wake wa Jumanne, nikaenda kwa Kaka.

Nilimkuta sebuleni anasoma gazeti. Sikubisha hodi. Nilimpa vidonge vyake kuanzia mlangoni, wifi akatoka jikoni na kijiko mkononi akidhani kuna moto. Kaka hakukana hata kidogo, hilo nalo nimwandikie. Alikunja gazeti mara nne, akaliweka kwenye magoti, akanieleza begi, na komeo, na siku tatu za kuandika.

"Haya, umetuuza," nikamwambia. "Lakini laki tisa na themanini, Kaka? Ungemwandika elfu tano, ungekufa? Mfumo usingemwona!"

Akanitazama kama mimi ndiye nisiyeelewa. "Orodha ya msajili inapangwa kwa ukubwa wa mchango, mdogo wangu. Mkubwa juu. Sasa Dada ningemweka wapi? Chini yangu? Chini yako wewe?"

Nilikaa chini. Wifi akasema, "Mungu wangu," akarudi jikoni, nikamsikia analia. Mtu ameketi na begi la wizi mezani, anavunja sheria ya nchi kwa kalamu yake, na katikati ya kuivunja anakumbuka heshima ya dada yake mkubwa. Aliona aibu kumwandika chini ya wadogo zake. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote.

Kesho yake alikwenda kwa Mwenyekiti kuomba kitu kimoja: barua kwa msajili kwamba jina la kwanza liliingia kimakosa. Mwenyekiti hakukasirika hata kidogo.

"Tukitoa jina moja, mzee wangu, watauliza la pili. Uchaguzi umebaki wiki tatu. Vumilia. Matibabu ya dada yetu yapo mikononi mwangu."

Na kweli, kila Jumatatu na Alhamisi ililetwa bahasha yenye laki moja na ishirini, mpaka siku ya kura. Safari sita. Dada hakuzipenda zile bahasha. Alizishika kwa ncha za vidole na kuniuliza, "Hawa nimewafanyia nini mpaka wananilipia?" Nilimwambia ukweli wote, maana yeye si mtu wa kufichwa. Akasema, "Ningekuwa nimetoa kweli laki tisa, angalau ningepigiwa makofi." Tukacheka. Ndiyo mara ya mwisho tulicheka pamoja vile.

Chama kilishinda. Jumatatu iliyofuata bahasha haikuja. Kaka alipiga simu ya Mwenyekiti, ikaita mpaka ikakatika. Akaenda ofisini, akakuta kufuli jipya. Mwenye duka la misumari akamwambia Mheshimiwa, maana Mwenyekiti sasa alikuwa Mheshimiwa, amehamia ofisi ya ghorofani mjini, ya kwenda kwa miadi. Kaka aliomba miadi mara tano. Karani wa pale alimwandikia jina kwenye daftari mara tano, na mara ya tano, Kaka aliniambia, aliona majina yake ya mara nne za kwanza yamepigwa mstari bila kusomwa.

Niliuza cherehani yangu ya kudarizi. Wifi akauza friji. Kaka akakopa kwa pensheni yake. Hapo tukapata safari mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, kisha moja kwa wiki, na daktari alikuwa ametuambia waziwazi moja haitoshi. Dada akaanza kuvimba tena. Ukimbonyeza mguu, kidole chako kinabaki kimeandikwa pale. Ofisi ya ustawi wa jamii nilikwenda mpaka mlinzi akanizoea, na yule msichana wa miwani alinionea huruma ya kweli, lakini kila mara jibu lilikuwa lilelile: jina likitoka kule kwa msajili, msamaha unarudi siku hiyohiyo. Yeye hana kitufe cha kuliondoa.

Basi Kaka akafanya alichopaswa kufanya siku ya begi. Alichukua nakala zote za risiti, zile karatasi za chini za kaboni ambazo hakuwahi kutupa hata moja maishani mwake, akavaa shati lake la dirisha namba tatu, akaenda kwa msajili wa vyama na kusema: mimi ndiye niliyeandika, hamsini na saba zote ni za uongo, hela ni ya mtu mmoja na huyu hapa jina lake.

Mpelelezi aliyempokea alisimama akampa mkono. Alimwambia nchi inahitaji watu kama yeye. Alimletea hata maji ya chupa. Kisha akaziingiza zile nakala kwenye bahasha kubwa, akaifunga, akapiga lakiri.

"Sasa jina la dada yangu mtalitoa lini?" Kaka akauliza. "Ijumaa ana mashine."

"Ah, hilo sasa haliwezekani, mzee. Orodha imekuwa kielelezo cha kesi. Hakuna anayeruhusiwa kugusa hata herufi mpaka hukumu itoke."

Kaka alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa mbili, akaja moja kwa moja chumbani kwa Dada. Nilikuwepo. Alikaa sakafuni, akamweleza. Akaomba msamaha huku analia. Dada akamwekea mkono kichwani, mkono uliovimba kama glavu iliyojaa maji, akamwambia, "Usilie, mdogo wangu. Umesema kweli, imetosha." Mimi nilitoka nje. Kwangu haikutosha, na mpaka leo haijatosha.

Alifariki Alhamisi asubuhi, nikiwa namvisha soksi. Alisema ana baridi, nikainama kuchukua soksi ya pili, nilipoinuka alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na miaka sabini. Chama kilituma shada la maua lenye utepe, na kwenye utepe wameandika "Mwanachama Wetu Mpendwa." Nililichukua lile shada mbele ya watu wote nikalitupa shimo la taka, na aliyetaka kushangaa alishangaa.

Kaka alikiri kosa siku ya kwanza ya kesi, hakusumbua mtu. Hakimu akampa miezi kumi. Aliyeleta begi hakushtakiwa, walisema ushahidi hautoshi. Chama chenyewe kikashtakiwa kwa orodha ya uongo, na kesi hiyo ikaendelea Kaka akiwa ndani. Nilihudhuria kila siku, benchi la pili. Watu wa orodha waliitwa mmoja mmoja. Arobaini na mmoja walikuja, wakaapa hawakutoa chochote, majina yao yakaondolewa. Wengine waliogopa, wengine walikuwa wamehama. Jina la kwanza lilikuwa la Dada.

Karani wa mahakama aliliita mara tatu mlangoni, kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Watu wakageuka kutazama nani atasimama. Nikasimama mimi.

"Amefariki," nikasema. "Mimi ni mdogo wake. Hakutoa hata senti."

Wakanipandisha kizimbani. Wakili wa chama alikuwa kijana nadhifu, hata hakunipandishia sauti.

"Pole sana kwa msiba, mama. Dada yako alikuwa akikueleza kila senti aliyopata na kila senti aliyotoa?"

"Alikuwa akiniomba mimi hela ya mafuta ya jiko!"

"Jibu swali, mama. Kila senti?"

"Mtu gani anaeleza kila senti?"

"Kwa hiyo hapana. Asante."

Nikasema kwa nguvu kwamba aliyeandika mwenyewe alishakiri ni uongo. Wakili akatabasamu kidogo tu. Akasema huyo ni mfungwa, aliyefungwa kwa kuandika uongo, na mahakama haiwezi kumwamini mwongo anapotaja uongo wake. Hakimu akaandika. Wiki mbili baadaye akasoma hukumu: majina arobaini na moja yamefutwa, chama kitozwe faini, majina kumi na sita ambayo wenyewe hawakuja kuyakana, yabaki kama yalivyoandikwa. Faini walilipa kabla ya saa sita mchana. Walikuja nayo kwenye begi.

Kwa hiyo ukienda leo ofisi ya msajili, ghorofa ya chini, ukutani upande wa kulia wa lifti, utamkuta Dada yangu. Bado wa kwanza. Nilikwenda kuhakikisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri lifti alisoma pamoja nami, akanong'ona, "Matajiri hawa, wanatoa laki tisa kwa siasa na watu wanakufa kwa kukosa dawa."

Jumapili ndiyo siku ya kutembelea wafungwa. Mnaongea mmesimama, waya wa wavu katikati, dakika kumi. Kaka amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Hakuuliza habari za wifi wala za faini wala za Mheshimiwa. Alishika wavu kwa vidole.

"Wamelifuta jina la Dada?"

Mimi sina desturi ya kumficha mtu ukweli. Wote waliokaa na mimi wanajua.

"Wamelifuta," nikasema.

"Wamelipiga mstari mmoja, likabaki linasomeka? Wasije wakalikwangua."

"Mstari mmoja."

"Na sahihi pembeni?"

"Sahihi pembeni, na tarehe."

"Nani alitia?"

"Hakimu mwenyewe. Nilimwona kwa macho yangu."

Akafumba macho, akapumua pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu siku ile ya kompyuta. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. Kisha akayapangusa kwa mkono wa shati, akaniuliza kama nimemletea sabuni.